Katumbi na hadithi ya samaki: Jina lilivyojenga biashara Lubumbashi, kisha likageuzwa silaha

Lubumbashi. Ukitaja jina la Moïse Katumbi katika mji huu wa shaba, wengi hawaanzi kukusimulia malori yake, migodi aliyoichimba wala makombe ya TP Mazembe. Wanaanza na samaki.

Hadithi yenyewe ni fupi na inakumbukika kirahisi. Kijana wa Kashobwe, kijiji kilicho jirani na mpaka wa Zambia, upande wa Ziwa Mweru, aliingia katika biashara ya samaki akiwa bado mdogo, akawauza kwenye miji ya wachimbaji, akakuza mtaji, akahamia usafirishaji na hatimaye migodini. Mtoto wa kijijini akawa tajiri, tajiri akawa rais wa klabu, rais wa klabu akawa gavana, na gavana akawania urais wa nchi.

Hadithi hiyo imetajwa magazetini na kwenye televisheni kwa zaidi ya miaka 20. Imefungua milango ya zabuni, imejaza uwanja wa mpira na imevuta kura. Lakini hadithi hiyohiyo, ukurasa kwa ukurasa, ndiyo iliyofunguliwa tena na wapinzani wake walipotaka kumzuia asigombee urais. Kwa mfanyabiashara yeyote anayefikiria kuuza bidhaa kwa kutumia historia ya maisha yake, ni vigumu kupata somo kubwa kuliko hili katika ukanda huu.

Mji ambao jina ni mtaji

Kuuza kwa jina hakukuanzia kwa Katumbi. Lubumbashi, uliozaliwa mwaka 1910 ukiitwa Elisabethville, ulijengwa na kampuni. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ndiyo iliyotoa kazi, nyumba, hospitali na shule. Mtu alijulikana kwa kampuni aliyoifanyia kazi. Baada ya uhuru, mali za kampuni hiyo zilitaifishwa na zikawa Gécamines, na kwa miongo miwili maisha yakaendelea kuzunguka mshahara wa mgodi.

Gécamines ilipoanguka mapema miaka ya 1990, mpangilio huo ulivunjika. Mishahara ilichelewa kwa miezi, kisha kwa miaka. Mwaka 2003 na 2004, katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines wakiwa na kiinua mgongo. Familia zilizozoea mshahara zikajikuta zikitegemea kibanda, shamba, mkaa, unga wa bukari na safari za kwenda kununua bidhaa Kasumbalesa.

Katika soko la namna hiyo, ambako benki hazikopeshi watu wadogo, mikataba ya maandishi ni michache na mahakama ziko mbali na mfuko wa mtu wa kawaida, mnunuzi huuliza swali moja kabla ya kutoa fedha: huyu ni nani? Mtoto wa nani? Ametokea wapi? Jibu la swali hilo ni sehemu ya bei.

Wasanii wa Katanga walilijua hilo mapema. Jean-Bosco Mwenda alikutwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao sasa ni Likasi, akiwa kijana anayepiga gitaa. Wimbo wake ‘Masanga’ ukampa sifa hadi nje ya bara hili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa Nairobi, akipiga gitaa katika matangazo ya redio ya dawa ya Aspro. Kampuni ya dawa haikuhitaji gitaa tu. Ilihitaji jina la mtu ambaye wasikilizaji walikwisha kumpenda.

Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, alifanya jambo linalofanana na hilo kwa brashi. Alichora kwenye kitambaa cha magunia ya unga, akauza picha zake kwa watu wa kawaida wa miji ya migodi waliotaka kitu cha kutundika sebuleni. Picha za aina hiyo ziliitwa za ukumbusho, kwa sababu zilimkumbusha mnunuzi yale ambayo yeye mwenyewe au wazazi wake waliyapitia. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea na kumsimulia mtafiti Johannes Fabian, kwa Kiswahili cha Shaba, historia nzima ya nchi yake katika picha takribani 100. Tshibumba hakujitambulisha kama fundi wa rangi. Alijitambulisha kama mwanahistoria, na utambulisho huo ndio uliozitofautisha picha zake na za wenzake waliochora mitaani.

Hata klabu kubwa ya mji ilibeba biashara katika jina. Timu iliyoanzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenedikto iliwahi kuitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi iliyoifadhili. Ni kwa jina hilo la tairi, Tout Puissant Englebert, ndipo ilipotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Leo inaitwa TP Mazembe.

Samaki, malori na shimo la mgodi

Katumbi alizaliwa Desemba 28, 1964. Baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi kutoka kisiwa cha Rhodes, ambacho wakati huo kilikuwa chini ya Italia. Soriano alikimbilia Kongo katika kipindi ambacho serikali ya kifashisti ya Italia ilikuwa ikiwabana Wayahudi, akaweka makazi Katanga na kufanya biashara ya samaki. Mama yake Katumbi ni Mkongomani.

Hapa ndipo mtu anayesoma hadithi hiyo kwa makini hupata la kujifunza. Katika simulizi linalopendwa mitaani, kijana alianza na samaki. Ni kweli, lakini samaki hao walikuwa tayari kazi ya nyumbani. Baba alikuwa katika biashara hiyo, na kaka yake mkubwa wa baba mmoja, Raphaël Katebe Katoto, naye alikuwa mfanyabiashara mwenye jina. Kijana wa Kashobwe alifanya kazi kwa bidii, lakini hakuanza na kapu tupu. Alirithi ujuzi wa njia, wateja na bei.

Hilo halifanyi hadithi kuwa ya uongo. Linaonyesha jinsi hadithi za kibiashara zinavyotengenezwa: mwenye nayo huchagua mahali pa kuanzia. Ukianzia kwa mtoto mwenye samaki, unapata shujaa aliyejijenga mwenyewe. Ukianzia kwa mkimbizi kutoka Rhodes, unapata familia ya wafanyabiashara. Ukianzia kwa kaka mkubwa, unapata mdogo mtu aliyefundishwa kazi. Zote tatu zina ukweli, ila moja tu ndiyo inayomfanya muuza nyanya wa soko la Kenya, hapo Lubumbashi, aseme: huyu ni kama mimi.

Mwaka 1987 Katumbi alifungua kampuni iliyobeba jina lake. Mwaka 1997 akaanzisha Mining Company Katanga, maarufu kwa kifupi MCK, iliyofanya kazi za ukandarasi migodini: kuondoa udongo wa juu, kuchimba na kusafirisha mawe kwa niaba ya wenye migodi. Wakati ambapo Gécamines haikuwa na mitambo ya kutosha na wawekezaji wapya walikuwa wanaanza kuingia Katanga, mtu mwenyeji aliyekuwa na malori, mafundi na uhusiano mzuri na watu alikuwa na nafasi ambayo mgeni hakuwa nayo. Jina lilitangulia, malori yakafuata.

Uwanja wa Kamalondo kama tangazo

Mwaka huohuo wa 1997 Katumbi alichukua uongozi wa TP Mazembe. Klabu ilikuwa na historia kubwa lakini haikuwa imeshinda ubingwa wa Afrika tangu 1968. Alitia fedha katika mishahara, makocha, kambi na wachezaji kutoka nchi jirani.

Matunda yalikuja baada ya zaidi ya miaka 10. Mazembe walitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2009, wakairudia mwaka 2010, na Desemba 2010 huko Abu Dhabi wakaifunga Internacional ya Brazil mabao 2-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Walifungwa 3-0 na Inter Milan, lakini dunia ilikuwa imekwisha kulijua jina Lubumbashi, na imekwisha kumwona kipa Robert Kidiaba akishangilia kwa kurukaruka chini kwa makalio.

Mwaka 2011 klabu ilifungua uwanja wake mpya Kamalondo, wenye nafasi ya watazamaji wapatao 18,000. Mwaka huo pia ilimsajili Mbwana Samatta kutoka Simba ya Dar es Salaam. Samatta alikuwa mmoja wa nyota wa timu iliyotwaa tena Ligi ya Mabingwa mwaka 2015, kisha akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara hili, kabla ya kwenda Genk ya Ubelgiji mwanzoni mwa 2016. Kwa mashabiki wa Tanzania, hapo ndipo Lubumbashi na Katumbi walipogeuka kuwa majina ya nyumbani.

Kibiashara, Mazembe ilifanya kazi ambayo tangazo la kawaida haliwezi kuifanya. Tangazo huisha baada ya sekunde 30. Ushindi husimuliwa kwa miaka. Kila bao lilirudia hadithi ileile kwa lugha nyingine: kijana wa samaki ameileta Afrika hapa kwetu. Watengenezaji filamu nao wakavutiwa. Mbelgiji Thierry Michel alimwonyesha katika filamu yake ‘Katanga Business’ ya mwaka 2009, kisha mwaka 2013 akatoa filamu nzima kumhusu, yenye jina la Kifaransa linalozungumzia kupanda kwake kusikozuilika.

Kufikia hapo, mstari kati ya mtu, kampuni, klabu na siasa ulikuwa umefifia. Mwaka 2007 Katumbi alikuwa amechaguliwa gavana wa Katanga, nafasi aliyoishikilia hadi Septemba 2015. Wafuasi wake waliona mfanyabiashara aliyefanikiwa akiendesha jimbo kama anavyoendesha kampuni. Wakosoaji wake waliuliza ni vipi mtu mmoja anaweza kuwa kiongozi wa jimbo la migodi huku jina lake likiwa limefungamana na ukandarasi wa migodi hiyohiyo. Maswali yote mawili yalitokana na jambo moja: hadithi ya mtu mmoja ilikuwa imebeba mambo mengi kupita kiasi.

Hadithi inapogeuka ushahidi

Septemba 2015 Katumbi alijiuzulu ugavana na kuachana na chama cha Rais Joseph Kabila. Mei 2016, baada ya kutangaza nia ya kugombea urais, alifunguliwa tuhuma za kuajiri mamluki, ambazo alizikanusha. Mwezi huo aliondoka nchini kwenda kutibiwa. Juni 2016 alihukumiwa bila kuwapo mahakamani kifungo cha miaka mitatu katika kesi ya nyumba moja ya Lubumbashi. Hukumu hiyo ilifutwa na Mahakama ya Kasesheni Aprili 2019.

Lakini kesi ya nyumba haikuwa pigo linalohusu zaidi somo la leo. Pigo hilo lilikuja mwaka 2018, pale wapinzani wake walipoacha kuangalia malori na kuanza kuangalia asili yake. Katiba ya DRC ya mwaka 2006, katika kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Kifungu cha 72 kinamtaka mgombea urais awe na uraia wa asili. Machi 2018 waendesha mashtaka wa Kinshasa walifungua uchunguzi kuhusu madai kwamba Katumbi aliwahi kuwa na uraia wa Italia. Agosti mwaka huo alizuiwa kuingia nchini katika mpaka wa Kasumbalesa, siku za mwisho za kupeleka fomu za wagombea, na hivyo akakosa uchaguzi.

Alirudi Lubumbashi Mei 20, 2019, akapokewa na umati. Suala halikuishia hapo. Mwaka 2021 liliibuka pendekezo la sheria, lililohusishwa na mwanasiasa Noël Tshiani, la kutaka urais wa DRC uachiwe watu waliozaliwa na baba na mama Wakongomani pekee. Pendekezo halikumtaja Katumbi kwa jina, lakini hakuna aliyehitaji kuelezwa limemlenga nani. Oktoba 2023 Mahakama ya Katiba ilikataa ombi la kutaka aondolewe kwenye orodha ya wagombea. Katika uchaguzi wa Desemba 2023 alishika nafasi ya pili kwa takribani asilimia 18 ya kura, nyuma ya Rais Félix Tshisekedi.

Mkimbizi wa Rhodes, ambaye katika hadithi ya biashara alikuwa alama ya familia iliyopitia taabu na kujenga upya maisha, katika hadithi ya siasa akageuzwa kuwa baba wa kigeni. Ukweli wa tukio haukubadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni msimulizi.

Hilo ndilo ambalo wauzaji wengi wa leo, wanaoweka maisha yao yote kwenye mitandao ya kijamii ili wapate wateja, hawalihesabu. Hadithi ikishatoka mdomoni kwa mwenyewe, hairudi. Atakayeichukua kesho anaweza kuwa mteja, mshindani, ndugu mwenye kinyongo au mwendesha mashtaka.

Kampuni iliyouzwa, klabu iliyobaki

Kuna ulinganisho mwingine katika maisha haya unaomhusu kila mwenye biashara, hata ya meza moja ya kuuza vocha.

Novemba 2015 Katumbi aliiuza MCK kwa kampuni ya Ufaransa, Necotrans. Kwenye karatasi, mnunuzi alipata mitambo, wafanyakazi na mikataba. Lakini muda mfupi baadaye muuzaji alikuwa nje ya nchi na katika ugomvi na serikali, pande mbili zikavutana kuhusu malipo ya mauzo, na mwaka 2017 Necotrans yenyewe ikaanguka na kuwekwa chini ya usimamizi wa mahakama nchini Ufaransa. Sababu za anguko la kampuni ile ni nyingi na haziko Lubumbashi peke yake. Hata hivyo, kila anayenunua biashara iliyojengwa juu ya jina la mtu hana budi kujiuliza: nikinunua malori, nimenunua pia sababu iliyowafanya wateja waje?

TP Mazembe ilikwenda njia nyingine. Mwenyekiti wake akiwa ughaibuni kwa miaka mitatu, klabu ilitwaa Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2016, ikalitetea mwaka 2017. Mishahara, kambi, uwanja, benchi la ufundi na utaratibu wa kusajili vilikuwa vimekwisha kusimama. Jina la mwenyewe lilikuwa limeijenga klabu, lakini klabu haikuhitaji awepo jukwaani kila Jumapili ili ishinde. Isitoshe, Mazembe ilikuwa na hadithi yake yenyewe, ya mwaka 1939, ya matairi ya Englebert, ya makombe ya 1967 na 1968, iliyokuwa kubwa kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kuiongoza.

Kituo chake cha televisheni cha Nyota kilipata hatima tofauti. Kilifungwa na mamlaka mwaka 2016, wakati wa mvutano huo wa kisiasa. Kwa watazamaji na kwa serikali pia, Nyota na Katumbi vilikuwa kitu kimoja. Aliyemtaka mwenyewe aliweza kukifikia kituo.

Kwa hiyo biashara tatu zilizokulia kivuli cha jina moja zilipata matokeo matatu. Ile iliyokuwa na utaratibu wake na kumbukumbu zake ilisimama. Ile iliyohamishwa kwa mgeni bila mwenye jina iliyumba. Ile iliyoonekana kama mdomo wa mwenyewe ilizibwa.

Mwenye kibanda afanye nini?

Anayeuza mitumba au vitenge katika wilaya ya Kenya hatakutana na Mahakama ya Katiba. Lakini mambo yaleyale humfika kwa kipimo chake, na mengine yanaweza kuepukwa mapema.

La kwanza ni kuchagua sehemu ya maisha inayohusiana na bidhaa. Hadithi ya samaki ilifanya kazi kwa sababu ilieleza ujuzi: huyu anajua njia, anajua bei, anajua kusafirisha. Mama anayeuza unga akieleza kwamba amelima Kasenga kwa miaka 10, mteja anapata sababu ya kuuamini unga. Akieleza alivyoachwa na mume, mteja anapata huruma, na huruma hununua mara moja tu.

La pili ni kuwataja waliosaidia. Baba, kaka, shangazi aliyetoa mtaji wa kwanza, mwenzako wa likilimba, kile kikundi cha kuchangiana fedha. Anayejisimulia kana kwamba alijijenga peke yake anaacha nyuma watu wenye haki ya kusema vinginevyo, na mara nyingi husema siku mbaya kuliko zote. Anayewataja tangu mwanzo hana cha kufichuliwa.

La tatu ni kutosimulia kisichoweza kuthibitishwa. Tarehe, mahali, cheti, jina la kiwanda ulichofanyia kazi: vitu hivi huulizwa biashara inapokua, pale benki, mamlaka ya kodi au mshindani anapotaka kujua. Kuongeza chumvi kwenye hadithi ya kibandani hakugharimu kitu. Kwenye hadithi ya kampuni kunaweza kugharimu kampuni.

La nne ni kuuliza hadithi hii ni ya nani mwingine. Maisha ya mtu yamejaa watu ambao hawakuomba kuwa tangazo. Mtoto aliyepigwa picha akiwa mgonjwa ili duka la mama yake lipate wateja atakuwa mtu mzima siku moja, na picha itakuwa bado ipo.

La tano, na pengine gumu kuliko yote, ni kuipa biashara hadithi yake yenyewe haraka iwezekanavyo. Mteja akija kwa sababu ya mwenye duka, ni vyema akirudi kwa sababu ya kipimo kisichopunja, bei isiyobadilika kwa sura ya mtu, na mizigo inayofika siku iliyoahidiwa. Hapo mwenye duka anaweza kuugua, kusafiri au kugombana na mwenye nguvu, na duka likafunguliwa asubuhi kama kawaida.

Mjini Lubumbashi, wanaompenda Katumbi na wasiompenda bado wanabishana kuhusu baba yake, mali zake na siasa zake, na huenda wataendelea kubishana hadi uchaguzi mwingine na baada yake. Ligi inapoendelea, wabishi haohao hukutana Kamalondo wakiwa wamevaa nyeusi na nyeupe, wakilipa kiingilio cha kuitazama timu ambayo ilikuwepo miaka 25 kabla Katumbi hajazaliwa.